Saa ya Mtunza Bustani: Uchambuzi wa Ujira wa Haki kwa Waliojiajiri Jijini Nairobi

Katika mitaa ya Nairobi yenye nyua pana, kama vile Karen, Lavington, Runda na Muthaiga, kazi ya bustani hufanywa na watu wa aina tatu ambao kwa macho hawatofautiani, kwa kuwa wote hushika panga, reki na toroli zile zile, lakini ambao mbele ya sheria na mbele ya hesabu ni watu mbalimbali kabisa. Wa kwanza ni mwajiriwa wa mwezi, ambaye hupokea mshahara hata siku ambayo mvua imemzuia kushika jembe. Wa pili ni kibarua, ambaye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Wa tatu ni aliyejiajiri, yaani mtu mwenye zana zake na wateja wake kadhaa, anayejipangia siku na kubeba mwenyewe hasara ya siku isiyo na kazi. Huyu wa tatu anapotafuta bei ya haki kwa saa yake moja, mazoea ni kutazama wanacholipwa wale wawili wa kwanza na kukigawa, na mazoea hayo ndiyo yanayomfanya afanye kazi mwaka mzima kisha ashindwe kununua plagi ya mashine yake.

Hata hivyo, hesabu haina budi kuanzia kwenye ujira wa mwajiriwa, kwa sababu una kima cha chini kilichowekwa na sheria. Amri ya kima cha chini cha mishahara nchini Kenya humtaja mtunza bustani waziwazi, katika kundi moja na mfagizi, yaya, tarishi na mlinzi wa mchana, na amri iliyoanza kutumika Novemba 2024 ililiwekea kundi hilo, kwa Nairobi na miji mingine mikubwa, shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Wiki ya kawaida ya kazi katika kanuni za jumla za mishahara ni saa 52 zilizogawanywa katika siku sita. Anayegawa mshahara huo kwa saa za mwezi hupata shilingi 71 na senti 51 kwa saa, na wapo wateja ambao, wakiwa na kikokotoo cha simu mkononi, huiona bei hiyo kuwa ndiyo haki yenyewe.

Lakini kiasi hicho hakijakamilika hata kwa mwajiriwa. Kima cha chini kimewekwa bila makazi, kwa hiyo mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba hupaswa kuongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, na jumla hufika shilingi 18,530. Juu ya hapo kuna mchango wa mwajiri katika mfuko wa uzeeni wa NSSF, ambao ni asilimia 6, pamoja na tozo ya nyumba za gharama nafuu ya asilimia 1.5, fedha ambazo mfanyakazi hazioni mkononi ingawa hulipwa kwa ajili yake. Kisha kuna siku zinazolipwa bila kufanyiwa kazi, zikiwamo siku 21 za likizo ya mwaka na sikukuu za kitaifa zipatazo 10. Jumla ya gharama ya mwaka, ambayo ni takriban shilingi 239,000, ikigawiwa kwa saa 2,435 ambazo mwajiriwa huyo huwa kazini kweli, saa moja humgharimu mwajiri shilingi 98. Hii ndiyo sakafu halisi ya kisheria kwa mwajiriwa wa mwezi, na tayari imezidi ile ya kikokotoo kwa zaidi ya theluthi.

Aliyejiajiri hasimami kwenye sakafu hiyo, kwa sababu mwaka wake una aina mbili za saa. Zipo saa zinazolipwa, ambazo mteja huziona, na zipo saa zisizolipwa ambazo hata hivyo ni kazi: kutembea au kupanda matatu kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, kwenda kutazama bustani ya mtu ambaye pengine hatarudi kupiga simu, kunoa panga kwa tupa, kusafisha kabureta, kufuata malipo yaliyocheleweshwa, na kukaa chini ya paa la kibanda cha mlinzi mvua ikimwagika. Saa zisizolipwa lazima zibebwe na zile zinazolipwa, kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kuzibeba.

Mfano wa hesabu utaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme mtunza bustani anafanya kazi wiki 46 kwa mwaka, huku wiki sita zilizobaki zikichukua likizo, sikukuu na siku chache za ugonjwa, na kwamba katika kila wiki anafanikiwa kulipwa saa 30, ambazo kwa mwaka ni saa 1,380. Tuseme pia kwamba nauli yake ni shilingi 200 kwa siku, yaani shilingi 55,200 kwa mwaka. Kwamba mashine yake ya kukata nyasi ya shilingi 60,000 itadumu miaka minne, kwa hiyo uchakavu wake, maana yake sehemu ya thamani inayoliwa na matumizi, ni shilingi 15,000 kila mwaka. Kwamba petroli, oili, matengenezo, glavu na gambuti hula shilingi 25,000. Na kwamba simu hula shilingi 10,000. Gharama hizo ni shilingi 105,200. Zikiongezwa kwenye zile shilingi 239,000 ambazo mwajiriwa wa kima cha chini angegharimiwa, jumla hukaribia shilingi 344,000, na zikigawiwa kwa saa 1,380 huwa shilingi 250 kwa saa moja. Kwa maneno mengine, anayetoza shilingi 250 hajatajirika. Amelingana tu na mtu anayelipwa ujira wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria jijini. Anayetoza 100 akidhani amempita mwajiriwa, anakula mashine yake.

Tarakimu za mfano huo zinaweza kubadilishwa na kila mtu kulingana na hali yake, na inafaa kuona ni ipi kati yake yenye nguvu zaidi. Bei ya mashine ikiongezeka maradufu, saa hupanda kwa takriban shilingi 11 tu. Lakini saa zinazolipwa zikishuka kutoka 30 hadi 24 kwa wiki, bei inayohitajika hupanda hadi shilingi 312, na zikifika 38, hushuka hadi 197. Ni dhahiri basi kwamba jambo linaloamua ujira wa haki kuliko yote ni jinsi wateja walivyokaribiana, na kwamba mtunza bustani mwenye nyumba sita katika barabara moja ya Lavington anaweza kutoza kidogo kuliko mwenzake anayekimbia kati ya Karen na Runda, na bado akabaki na zaidi mfukoni. Jiografia ya jiji imelijua jambo hili kabla ya wachumi: Kawangware imepakana na Lavington, Githogoro iko ubavuni mwa Runda, na mtu anayekwenda kazini kwa miguu hana haja ya kumdai mteja nauli, hasa katika jiji ambalo nauli ya matatu huruka mara tone la kwanza la mvua linapoanguka.

Pingamizi la kawaida dhidi ya hesabu ya namna hii ni kwamba soko haliijui. Kwenye makutano ya barabara asubuhi husimama watu walio tayari kufyeka kwa bei yoyote itakayomaliza njaa ya siku hiyo, na mteja huuliza, "Utataka ngapi?" kabla ya kuonyesha kazi yenyewe, akifahamu kwamba anayetaja bei kwanza akiwa na shida hutaja ndogo. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linachothibitisha ni kiasi gani mtu mwenye dhiki anaweza kukubali, jambo ambalo ni tofauti na kiasi ambacho kazi inagharimu kufanywa. Makubaliano ya hiari ni sharti mojawapo la ujira wa haki, lakini hayatoshi pale upande mmoja unapojadiliana na tumbo tupu.

Tena mazoea ya kupanga ujira kwa kutazama nyuma yana historia ndefu nchini humu. Chini ya sheria ya usajili iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika katika Kenya ya kikoloni walilazimishwa kubeba kipande, hati iliyowekwa ndani ya kasha la chuma lililovaliwa shingoni, ambayo pamoja na alama za vidole iliandikwa majina ya waajiri na mshahara uliolipwa. Mwajiri mpya aliweza kusoma kiasi ambacho mwajiri wa awali alilipa, na hakuwa na sababu ya kutoa zaidi. Mfumo huo wa kibaguzi ulifutwa mwaka 1947, lakini swali lake halijafutika, kwa maana mteja wa leo bado huuliza, "Kule kwingine wanakulipa pesa ngapi?" Mtunza bustani aliyejiajiri hana wajibu wa kulijibu, kama vile duka la vifaa halina wajibu wa kumwambia mnunuzi lilimuuzia jirani kwa faida gani.

Kwa upande wa mteja, shilingi 250 si bei ya kumtisha ikiwa itatazamwa kwa mwezi. Bustani ya kawaida ya nyumba ya mjini inayohitaji saa nne kwa wiki itamgharimu takriban shilingi 4,300 kwa mwezi, ilhali kuajiri mtu wa mwezi kwa kima cha chini, pamoja na posho na michango, kutamgharimu karibu shilingi 19,900, kabla hajanunua hata reki. Mizani ya gharama hizo mbili hulingana kwenye saa 80 kwa mwezi, ambazo ni saa 18 na ushei kwa wiki. Chini ya hapo, mteja hupata nafuu kwa kununua saa anazohitaji tu, na nafuu hiyo ndiyo inayompa mtunza bustani nafasi ya kudai bei inayomtosha bila kumdhulumu yeyote. Juu ya hapo, mteja anahitaji mwajiriwa, na afadhali amwajiri.

Baada ya kuijua thamani ya saa yake, mtunza bustani anakabiliwa na swali jingine ambalo pengine ni gumu zaidi, nalo ni iwapo amtajie mteja thamani hiyo. Kutoza kwa saa kuna kasoro ya kumwadhibu mwenye kasi. Turudi kwenye mashine ya kukata nyasi. Ikiwa mashine hunguruma saa nane tu kati ya saa 30 zinazolipwa kwa wiki, ni sahihi zaidi kuitenga gharama yake, na kama uchakavu na petroli yake vinafika shilingi 35,000 kwa mwaka, kila saa ya mashine itaongeza shilingi 95 juu ya saa ya mkono, ambayo sasa itakuwa shilingi 224. Chukua uga wa nyasi ambao kwa fyekeo, ile ambayo wengi huiita slasha, huchukua saa tatu, na kwa mashine huchukua saa moja. Kwa malipo ya saa, mwenye fyekeo atapata shilingi 672, na mwenye mashine, aliyejinyima hadi akainunua, atapata 319 kwa uga ule ule uliokatwa vizuri zaidi. Bei ya mapatano, yaani kiasi kimoja kinachokubaliwa kwa kazi nzima bila kujali muda, inaweza kuwekwa kwenye 500, na hapo mteja atakuwa ameokoa kitu na mwenye mashine atakuwa amelipwa kwa akili yake.

Mapatano nayo yana hatari zake, na hakuna mahali zinapoonekana wazi kuliko kwenye ua wa kayaba. Mmea huu wenye asili ya kusini mwa Afrika umepandwa sana katika nyanda za juu za Kenya kwa sababu miiba yake, iliyo mirefu na migumu, humfukuza mwizi vizuri kuliko senyenge. Ua wa kayaba unaopunguzwa kila baada ya wiki chache hukatwa kwa makasi makubwa ya bustani, vijiti vikiwa bado vibichi, na kazi husonga. Ua ule ule ukiachwa mwaka mmoja hugeuka mti: matawi yanataka panga na msumeno, sehemu ya juu inataka ngazi, na takataka haziwezi kukumbatiwa bali hukatwakatwa chini, hukandamizwa kwa reki na kutiwa magunia, huku mwiba mmoja uliosahaulika nyasini ukitoboa tairi la toroli au soli ya gambuti. Anayetazama ua huo kutoka upande wa barabara na kutaja bei ya mapatano papo hapo, bila kuingia ndani kuona unene wa mashina, huenda akafanya siku mbili kwa malipo ya moja.

Kanuni inayotokana na mifano hiyo miwili ni kwamba kazi inayojulikana na kurudiwarudiwa ilipwe kwa mapatano, na kazi isiyojulikana mwisho wake ilipwe kwa saa, angalau mara ya kwanza. Kufufua bustani iliyotelekezwa, kung'oa visiki au kusafisha ua uliogeuka msitu ni kazi za saa, na ni haki ya mteja kupewa makadirio pamoja na kikomo ambacho hakitavukwa kabla ya kuulizwa. Takataka zihesabiwe mbali, kwa gunia, maana swali la nani atazibeba limevunja mapatano mengi yaliyoanza kwa tabasamu.

Majira ya mwaka huongeza ugumu mwingine. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, na zile za vuli, Oktoba hadi Desemba, nyasi za kikuyu hukua kwa kasi inayodai kukatwa kila wiki. Januari na Februari hukauka, na kinachobaki ni kumwagilia, kufunika matuta kwa majani makavu na kusubiri zamu ya maji ya mfereji. Mtunza bustani anayelipwa kwa ziara hushiba Aprili na kufunga Februari. Baadhi huepuka hali hiyo kwa kukubaliana na mteja kiasi kimoja cha kila mwezi kwa mwaka mzima, kilichopigiwa hesabu ya jumla ya saa za mwaka, utaratibu ambao ni wa haki ikiwa mteja ameelezwa mapema kwamba saa za Aprili atakazoziona nyingi ndizo zinazolipia zile za Februari atakazoziona chache.

Hatari ya kuumia mara nyingi husahauliwa katika bei, ingawa ndiyo inayoweza kumaliza kila kitu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa kwa kumtwika mwajiri wake jukumu la fidia. Aliyejiajiri aliyeanguka kutoka kwenye ngazi hana mwajiri wa kumwendea. Mchango wake wa bima ya afya ya jamii, SHIF, humsaidia kulipia hospitali, lakini haulipi siku ambazo mkono uko kwenye plasta. Kazi ya juu ya ngazi, ya msumeno au ya kunyunyizia dawa za wadudu haistahili kutozwa bei moja na kazi ya kupalilia maua. Nyongeza hiyo ni akiba ya siku mbaya, na mteja anayeikataa huwa amemwomba mfanyakazi ambebee bure hatari ya bustani ya mtu mwingine.

Ujuzi nao umeachwa nje ya hesabu ya shilingi 250 kwa makusudi, kwa kuwa hesabu hiyo ilianzia kundi la chini kabisa katika amri ya mishahara. Amri yenyewe ina makundi ya mafundi yenye vima vya juu zaidi, na mtu anayejua kupogoa waridi, kutandaza mipira ya umwagiliaji wa matone au kutambua ugonjwa wa mmea kabla haujaenea ana hoja nzuri ya kuanzia huko.

Kuna pia mpaka ambao bei peke yake haiwezi kuulinda. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua anayefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kukamilika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki nyingine za mwajiriwa humfuata. Mteja anayemtaka mtu yule yule kila siku kwa saa alizozipanga yeye, kwa zana zake yeye na chini ya maagizo yake, anaweza kujikuta mwajiri bila kukusudia, hata kama kila jioni aliandika kwenye karatasi kwamba amelipa fundi wa nje. Aliyejiajiri anayetaka kubaki hivyo ana kila sababu ya kutunza wateja kadhaa, kutumia zana zake na kutoa stakabadhi, na mambo hayo hayo ndiyo yanayoipa uzito bei anayotaja.

Mwisho ni suala la kupandisha bei, ambalo wengi huliahirisha kwa haya hadi hasara iwe imekomaa. Hapa serikali si mfano mzuri: kima cha chini cha mtunza bustani wa Nairobi kilikuwa shilingi 13,572.90 mwaka 2018, na hakikuguswa hadi 2022 kilipoongezwa asilimia 12 na kuwa 15,201.65, kisha kikangoja hadi Novemba 2024 kupata asilimia 6 nyingine. Miaka minne ya kimya ilimkuta mfanyakazi akilipa nauli na unga kwa bei za kila mwaka huku mshahara ukiwa wa mwaka mmoja. Aliyejiajiri halazimiki kungoja gazeti rasmi la serikali. Anaweza kuipitia hesabu yake kila Januari, msimu ambao kazi ni chache na wateja nao wanapanga bajeti, akawaarifu mwezi mmoja kabla, na kuanza bei mpya Machi, mvua za kwanza zinapofika na kila mtu anapogundua kwa pamoja kwamba nyasi zimefika magotini.